Chungu cha Hoza

Siku mliyoniaga kazini, ninyi vijana waongoza wageni, mlinipa blanketi na saa ya ukutani, kisha mmoja wenu akasimama akasema Mzee Tito asiondoke na njia zote kichwani, aziandike. Mkapiga makofi. Nami nilicheka, nikawaza kwamba mmenipa saa ya kuhesabia muda ambao sina la kufanya, na hapohapo mmenipa la kufanya. Basi kazi yenu nimeimaliza. Maporomoko, majabali, mapango, makaburi ya kale na mabaki ya majengo ya Wajerumani nimeyaandika kwenye daftari la kijani, njia kwa njia, pamoja na mahali pa kupata maji na mahali ambapo mgeni mwenye viatu vipya atateleza. Daftari mtalikuta ofisini, kwenye droo ile isiyofunga.

Lakini kuna pango moja juu ya kijiji cha Mgwashi ambalo humo halimo, wala halijawahi kuwamo kwenye orodha yoyote ya ofisi yetu. Mle ndani kuna chungu kidogo. Nina swali moja kuhusu chungu hicho, na huenda mmoja wenu ana jibu lake. Sitaki kuliuliza kwenye kundi la simu, ambako swali la maana huzikwa chini ya picha za harusi kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Ndiyo maana nimeandika maneno haya marefu kiasi hiki. Naomba msiruke kurasa.

Vyeo na mishahara siviandiki. Nilivyopata vilitosha kunilisha na kunivisha, na hakuna kijana aliyewahi kujifunza kupanda jabali kwa kusikia mzee alipandishwa daraja lini. Nianze na siku ya kwanza.

Siku hiyo nilikabidhiwa kwa Mzee Shemweta, askari wa misitu mstaafu ambaye ofisi ilimwomba anionyeshe milima kabla miguu yake haijachoka. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka, kwa hoja kwamba mvua ya Usambara haitumi taarifa. Mimi nilikuja na begi limejaa: redio, kamba ya mkonge, panga, biskuti na kitabu cha kujifunzia Kiingereza. Akalifungua pale pale barabarani, akatoa kitu kimoja kimoja, akaviacha vyote dukani kwa mtu isipokuwa panga. Kisha akanipa daftari la shule na penseli iliyochongwa kwa kisu. Nikamuuliza kwa nini isiwe kalamu ya wino. Akasema wino ukinyeshewa unasahau.

Alinipeleka kwenye ukingo wa milima, pale unaposimama ukaona tambarare ya Mombo yote iko chini yako na magari yanatambaa barabarani. Kulikuwa na mwamba mmoja mkubwa wenye kivuli ambamo watu wa zamani walikuwa wakipumzika. Mimi nikataka kuingia. Mzee Shemweta akanishika bega.

“Kaa kitako,” akasema. “Chora kwanza, ndipo uingie.”

Nilichora saa nzima. Mwamba wangu ulitoka kama ng'ombe aliyelala, na yeye aliutazama akasema basi muongezee masikio. Tukaingia, tukakaa, tukala viazi vyake. Tulipotoka akaniambia nilinganishe mchoro na mahali penyewe. Nikaona jiwe moja limehama: nilikuwa nimelivuta nikalikalia. Akanirudisha ndani nilipeleke lilipokuwa, na upande wake uleule uliokuwa juu uwe juu. Nilimwona ni mzee mwenye kero. Njiani akanieleza kwamba mahali pa kale kila kitu kimeachwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu zake. Sisi sababu hatuzijui, basi kazi yetu ni kupita bila kuzivuruga.

Hiyo ndiyo kazi yote. Mengine niliyojifunza kwake ni ya mikono: kupaka mafuta ya taa kwenye soksi unapopita penye siafu, kupiga filimbi mara tatu kabla ya kutokea kwenye shamba la mtu ili usidhaniwe mwizi wa kabichi, na kumwamkia kila mtu mzima unayemkuta hata kama una wageni kumi wanaokusubiri. Alikuwa anasema mgeni atarudi kwao, lakini yule bibi mwenye mzigo wa kuni utamkuta hapohapo kesho, na ndiye anayejua daraja lipi limeoza.

Kesi ngumu zilikuwapo. Wageni niliowapeleka Vuga walikuja wakitarajia kuta na malango, kwa sababu waliambiwa palikuwa mji wa watawala wa Washambaa. Wakakuta migomba, mahindi, na watoto wanatoka shule. Mmoja aliniuliza kwa upole kama tumepotea. Ilinichukua miaka kujua namna ya kupaonyesha mahali ambapo cha kuonyesha kimekwisha kuoza, kwa kuwa kilijengwa kwa miti na majani. Unasimama, unanyamaza kidogo, unaonyesha kwa mkono. Wengine wanaona, wengine wanaangalia saa. Mwingine aliganda katikati ya jabali kwa woga, hapandi wala hashuki, mtu mzima mwenye ndevu. Nilimkalisha, nikampa daftari na penseli, nikamwambia anichoree bonde. Alipomaliza kuchora mto akasimama mwenyewe, tukashuka.

Watu wanadhani kazi yetu ni ya kukaa na watu. Nendeni mkawaulize walioifanya miaka mingi. Wageni wanakuja kwa msimu, na kabla ya msimu unazipita njia zote peke yako kuona mti upi umeanguka na mto upi umehama. Nilikwenda mpaka Amani ng'ambo ya bonde la Lwengera, nikalala kwa watu nisiowajua, nikatembea kutwa nzima chini ya miti mikubwa bila kusikia sauti ya mtu isipokuwa yangu nikikohoa. Mke wangu alikuwa akisema ninaongea na mawe kuliko ninavyoongea naye. Nilimjibu kwamba mawe hayaniulizi sukari iko wapi. Alicheka. Leo yupo kaburini nyuma ya kanisa, watoto wetu wako Dar es Salaam na Arusha, na sukari iko palepale alipoiacha. Sasa najua kwamba alikuwa akinidai maneno, na mimi niliyamaliza milimani.

Mzee Shemweta alikufa nikiwa na miaka michache kazini. Baada yake niliendelea kuchora, mara nyingi kwa mazoea tu. Wenzangu walinicheka, na mgeni anayelipa kutembea hapendi kumwona kiongozi wake ameketi na penseli. Nikaanza kuchora haraka haraka, kisha nikawa nachora siku ambazo sina wageni tu. Nawaambia hili kwa sababu ndiyo asili ya kosa langu.

Njia ya Mgwashi niliigundua mwenyewe. Unashuka gari Bumbuli, unatembea mpaka mashamba yanapoanza kusimama wima, na nyumba ya mwisho kabisa chini ya jabali ilikuwa ya mama mmoja mjane. Watu wote walimwita Mama Hoza. Hoza alikuwa mwanawe wa pekee, na mimi sikuwahi kumwona. Nilijua tu kwamba alishuka zamani kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, baadaye ikasikika yuko machimboni, kisha haikusikika kitu. Kila aliyemsalimu mama yule alilitaja jina la mtoto wake, asubuhi na jioni, na yeye aliitika.

Nilikuwa nikipita kwake kuomba maji. Alinipa chai yenye mchaichai na viazi vitamu, na akaniuliza habari za mke wangu kwa jina lake. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya wazee katika kanisa letu la Kilutheri, sauti nene, na alinionea huruma mimi kwa kutembea peke yangu, ilhali yeye ndiye aliyeishi peke yake. Juu ya nyumba yake, mwendo wa nusu saa, jabali linafunguka likafanya pango la kina kifupi lenye masale, ile mimea ya majani marefu ya mahali pa heshima, yamepandwa mlangoni. Mle ndani, kwenye ukingo wa jiwe, vilikuwapo vyungu vidogo vya udongo, kila kimoja cha kutosha kupikia yai. Karibu vyote vilikaa wima, vimejaa vumbi na majani. Kimoja, cha mwisho, kilikuwa kimefudikizwa, mdomo chini. Mama Hoza aliniruhusu kupita hapo kwenda kutazama bonde. Vyungu hakunieleza, nami sikuuliza.

Siku moja nilimpeleka mgeni mwanamke aliyependa sana ufinyanzi. Tulipofika pangoni wingu lilikuwa linakuja kutoka Bumbuli, jeusi, na yeye alikuwa na kamera mkononi. Daftari lilikuwa mfukoni mwangu. Sikulitoa. Aliviangalia vyungu vyote, kisha akaniomba aone nakshi za mdomo wa kile kilichofudikizwa. Nyumbani kwetu chungu kikifudikizwa maana yake kimeoshwa, kinakauka. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nikakishika, nikakigeuza mdomo juu, nikakikalisha vizuri. Akapiga picha zake. Matone yakaanza, tukateremka mbio, na mimi nikacheka njiani kwa sababu aliteleza akakaa kwenye tope. Sikulinganisha chochote na chochote.

Wiki iliyofuata nilipita tena peke yangu. Uwanja wa Mama Hoza ulikuwa umefagiwa mpaka chini ya migomba. Godoro lilikuwa limeanikwa juani. Yeye alikuwa amevaa kitenge cha kanisani katikati ya wiki, na alinitangulia kwa salamu, jambo ambalo mtu mzima hafanyi kwa mdogo wake.

“Onga mshi, mgoshi,” akasema, yaani habari za mchana, bwana. “Hoza amerudi.”

Nikafurahi naye. Nikamuuliza yuko wapi nimsalimie. Akasema bado hajafika nyumbani, yumo njiani, labda amepitia kwa mjomba wake kwanza. Ndipo akanieleza. Ilikuwa desturi ya ukoo wao, mimi sijaiona kwa Washambaa wengine. Mtu wao akisafiri mbali kwenda kutafuta, mama yake hukipeleka chungu chake pangoni akakifudikiza. Hakuna mwenye ruhusa ya kukigusa, hata mama mwenyewe. Anayerudi, kabla hajamsalimu mtu yeyote, hupanda kwanza akakigeuza kwa mkono wake, kisha ndipo anashuka nyumbani. Vile vyungu vyote vilivyokaa wima ni watu waliorudi. Mama Hoza alikuwa akipanda kila mwisho wa mwezi kuangalia, tangu mwanawe aondoke. Mwezi ule alipanda akakikuta mdomo juu.

Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda chake. Nakumbuka nilitazama viatu vyangu. Nilipaswa kusema palepale, maneno manne tu, lakini yeye alikuwa ameshaingia jikoni. Alitoka na sahani. Alikuwa amemchinja kuku kwa ajili ya mwanawe, na kwa furaha yake akanimegea mimi paja, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kwanza kutoka mbali kuisikia habari ile. Nikala. Sijui kama mmewahi kula chakula ambacho mnajua ni cha mtu mwingine na kwamba mtu huyo hayupo. Nilikimaliza chote, nikanawa, nikashukuru, nikaondoka.

Wiki tatu nzima sikukanyaga Mgwashi. Wageni waliotaka kwenda huko niliwaambia barabara imekatika. Mke wangu aliona sili vizuri, akauliza, nikamwambia ni tumbo. Nilikuwa natumaini upuuzi: kwamba labda Hoza atatokea kweli, siku hizohizo, na uongo wangu utageuka kuwa kweli bila mimi kutia mguu. Nawaandikia haya nikiwa na aibu ileile. Woga wa jabali niliuweza tangu ujana, huu wa kuutazama uso wa mama mmoja ulinishinda.

Nilipokwenda hatimaye, godoro lilikuwa bado limetandikwa. Mama Hoza alikuwa amekonda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, na akaendelea kuchambua maharage ambayo tayari yalikuwa safi. Akasema amekwisha kuelewa. Mwanawe alikuja kweli, akapanda, akageuza chungu chake kama inavyotakiwa, na kutoka kule juu akauona moshi wa jiko la mama yake. Kisha akateremka upande mwingine wa jabali. Alipokuwa anaondoka zamani zile walikuwa wamegombana, naye mama alimwambia asithubutu kurudi mikono mitupu. Bila shaka alikuwa mikono mitupu, akaogopa. Au alikuwa bado na hasira. Hilo ndilo alilokuwa akilichambua pamoja na maharage, siku zote hizo, peke yake.

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, sikupanga.

“Mama, ni mimi niliyekigeuza. Nilikuwa na mgeni. Sikujua.”

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mtu anapasua kuni, na nilihesabu mapigo yake kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuweka akili. Nilingoja anifukuze.

“Kwa hiyo hajapita hapa,” akasema.

“Hajapita, mama.”

“Hakuuona moshi wangu akageuka.”

“Hapana.”

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. Nilidhani atalia, lakini alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, akasema hilo linabebeka. Yeye alikwisha kumzoea mtoto ambaye hajarudi. Aliyerudi akampita ndiye aliyekuwa anamuua. Kisha akanigeukia na ukali uliokuja kwa kuchelewa, na aliniambia mambo kuhusu kuku wake ambayo sitayaandika, na nilistahili kila neno.

Tulipanda pamoja siku hiyohiyo. Alinifanya nikifudikize kwa mkono wangu mwenyewe, polepole, mahali palepale palipokuwa na alama ya duara kwenye vumbi la jiwe. Halafu akasema, nikastaajabu kwa kuwa sikuwahi kumsimulia habari za Mzee Shemweta, nitoe daftari langu lile nililokuwa nikiliandikaandika nikipita kwake, nichore chungu kilivyokaa, ili nisije kusingizia kusahau. Nikachora. Tulipokuwa tunashuka aliniachia kazi ambayo haikuwa ya ofisi. Akifa yeye, niwe napanda mimi kila mwisho wa mwezi. Nikikikuta mdomo juu, nimtafute Hoza popote alipo, nimpe neno moja.

“Mwambie mikono mitupu inatosha,” akasema.

Aliishi miaka mingine mingi. Nilikuwa namletea sukari na majani ya chai, na tulikuwa tukipanda wote wawili, mpaka ikawa napanda mimi naye ananisubiri kwenye kigoda. Nikishuka alikuwa anaangalia mikono yangu kwanza, sijui kwa nini, kisha uso. Nilikuwa natikisa kichwa kabla hajauliza. Alipozikwa, kwaya yake iliimba bila ile sauti nene na wimbo ukaonekana mwepesi. Nyumba yake ilianguka kwa mvua ya mwaka uliofuata, na ndugu waliobaki wakahamia bondeni. Hakuna mwingine aliyekuwa akipanda. Nimekwenda peke yangu tangu hapo kila mwisho wa mwezi, kwa masika na kwa kipupwe, na ofisini niliwaambia nakwenda kukagua njia. Hiyo ndiyo njia niliyokuwa nakagua. Kila safari nimechora kwanza, ndipo nikaingia. Nina madaftari ya michoro ya chungu kilekile, mdomo chini, na ukiyapekua haraka utaona kitu pekee kinachobadilika ni mkono wangu unavyozeeka.

Sasa swali lenyewe.

Mwezi uliopita nilipanda kama kawaida. Goti langu mnalijua, nilitumia karibu kutwa. Nikaketi chini ya masale, nikatoa penseli, nikaanza kuchora. Nilikuwa nimekwisha kuuchora mgongo wa chungu nilipoinua macho kulinganisha, nikaona kwamba mkono wangu ulikuwa unachora kwa mazoea. Chungu kilikuwa kimekaa wima. Mdomo juu, ndani hakina hata jani.

Jambo la kwanza nililolisikia ni furaha. Nataka mlijue hilo. Nilisimama nikaita jina lake kwa sauti, mimi mtu mzima, jabali likanirudishia. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki hiyohiyo mliweka kwenye kundi picha ya mgeni wenu amesimama juu ya jabali la Mgwashi, amenyoosha mikono. Nilishuka, nikauliza kwa mwenye duka la chini. Akasema ndiyo, vijana wenye vizibao vya ofisi walipita na Mzungu. Pia, akasema, alipita mzee mmoja mwenye mvi, peke yake, akanunua soda, akauliza lile shamba chini ya jabali siku hizi ni la nani, akaondoka. Hakumuuliza jina. Ni mtu wa kuuza, si wa kuuliza.

Sikukigusa chungu. Kama ni mmoja wenu aliyekigeuza, hapana budi kirudi kilivyokuwa. Kama ni Hoza, basi kukifudikiza ni kumwambia hajarudi, na mimi si mtu wa kumwambia hivyo. Nilirudi nyumbani na sasa namwelewa Mama Hoza kwa namna ambayo sikuielewa hata nilipokuwa nimepiga magoti mbele yake. Naona haya kusema, lakini nilifagia uwanja. Nilianika blanketi lenu. Siku ya soko nilinunua kuku. Yupo hapa chini ya meza ninapoandika, amefungwa mguu, na juzi alitaga, kwa hiyo mambo yamezidi kuwa magumu.

Basi niambieni. Aliyekigeuza, kama ni wewe, njoo nyumbani useme. Najua unavyojisikia kuja, mimi nilichukua wiki tatu, wewe ukija ndani ya wiki mbili umenishinda. Sitakugombeza kwa muda mrefu. Tutapanda pamoja, utakirudisha kwa mkono wako, na nitakuachia penseli, madaftari na mwisho wa mwezi, kwa sababu goti hili halina safari nyingi na sitaki niwe wa mwisho kukijua.

Na kama si ninyi, njooni pia mniambie hivyo, kila mmoja kwa kinywa chake, ili nijue kwamba kuna mtu wa kumtafuta. Nitaanzia kwa yule mwenye duka. Nitamtafuta huyo mzee mwenye mvi Bumbuli, nitamtafuta Soni, nitateremka mpaka Mombo kwa gari ikibidi. Mlango wangu hauna komeo mchana. Mkimkuta kabla yangu, msimuulize amekuwa wapi wala ameleta nini. Mwambieni mama yake alisema mikono mitupu inatosha.